Usiombe Namba Kabla Hujajua ya Nini: Kupanga Upya Maswali ya Kaunta Dukani

Jioni moja mteja wangu wa siku nyingi alirudi dukani uso umemshuka. Asubuhi alikuwa amenunua sukari na sabuni, keshia akamwomba jina na namba ya simu kwa ajili ya kadi ya pointi, naye akavitaja kwa sauti, kama tulivyowazoesha wateja wote. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Kufika saa mbili usiku, mwanamume asiyemjua alikuwa ameshampigia mara nne, akimwita kwa jina. Akaniambia, "Mama, mimi nilikuja kununua sukari tu." Nilimwomba radhi, na usiku ule sikulala vizuri.

Duka langu liko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lina kaunta tatu, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha na wateja wa kila upande: wa Oli, wa Koboko, wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara upande wa Kongo, na ndugu zetu wa Sudan Kusini wanaoishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Tangu siku ile nimepanga upya kila swali tunalomuuliza mteja. Ninayaandika hapa kwa mfuatano tulioufuata, ili mwenye duka mwingine aweze kuyafanya bila kusubiri mteja wake alie.

Hatua ya 1: Sikiliza kaunta yako

Chagua siku yenye watu wengi. Simama karibu na kaunta ukiwa na daftari, uandike kila swali analoulizwa mteja, kwa maneno yale yale ya keshia. Usimkatize wala usimsahihishe, maana siku hiyo unatafuta ukweli tu. Andika pia kila mahali ambapo mteja anarekodiwa bila kuulizwa: daftari la madeni, daftari la boda anayepeleka mizigo, ujumbe wa malipo kwenye simu ya duka, kitabu cha mlinzi mlangoni, kamera.

Kwangu nilikuta maswali saba. Matatu sikuyajua kabisa. Keshia mmoja alikuja nayo kutoka duka alikofanya kazi zamani, akidhani ndivyo duka kubwa linavyopaswa kufanya.

Hatua ya 2: Kila swali litafutie kazi

Mbele ya kila swali andika jibu lake linatumiwa na nani, kwa kazi gani. Ukishindwa kutaja hata siku moja ambapo jibu lile lilikusaidia, lifute hapo hapo. Yatakayobaki yatakuwa ya aina mbili: yanayodaiwa na kodi, na yanayodaiwa na mauzo yenyewe.

Kwenye kodi makeshia wengi wanakosea, na wateja wanadanganywa bila mtu kukusudia. Tangu Januari 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, wanatakiwa kutoa risiti kupitia EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Mfumo huo una nafasi ya kuandika TIN, namba ya mlipakodi, ya mnunuzi. Nafasi hiyo ni ya mnunuzi mwenye biashara, anayetaka risiti yake imsaidie kudai ile VAT ya asilimia 18 aliyolipa. Mama anayenunua mafuta ya kupikia nyumbani kwake hahitaji TIN, na risiti yake inatoka vizuri bila hiyo. Kwa hiyo maneno "URA wanataka namba yako" yafutwe kabisa. Keshia aulize swali moja tu: "Risiti ni ya nyumbani au ya biashara?" Akijibiwa ya nyumbani, mambo ya kodi yameishia hapo.

Kwenye mauzo, mzigo wa kupelekwa nyumbani unahitaji namba ya simu na mahali. Oda inahitaji jina na namba. Garantii ya redio au pasi haihitaji jina la mtu. Andika namba ya kifaa kwenye risiti, na atakayeileta risiti pamoja na kifaa ahudumiwe.

Utakuta bado kuna majibu unayotamani tu kuwa nayo, eti huenda siku moja yakafaa. Kuna duka la vifaa vya umeme la Marekani, RadioShack, lililokuwa likiwaandika wateja majina na anwani, hata yule aliyenunua betri kwa pesa taslimu. Liliacha kuuliza mwaka 2002. Lilipofilisika mwaka 2015, rekodi za wateja takriban milioni 117 zilitaka kuuzwa pamoja na mali nyingine, hadi majimbo kadhaa yakapinga mahakamani. Walionunua betri hawakuwahi kufikiri majina yao yangekuja kuwekwa bei. Duka langu ni dogo, lakini nalo linaweza kuuzwa au kurithiwa, na daftari nililoliacha kabatini litakwenda na kabati.

Hatua ya 3: Ondoa vitambulisho kwenye kaunta

Hapa sina lugha ya upole. NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, si namba ya kuombwa dukani. Herufi na tarakimu zake kwa jumla ni 14. Ya raia mwanamume inaanza na CM, ya mwanamke CF, kisha zinafuata tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa. Aliyeishika amekwisha kujua jinsia na umri wako kabla hujafungua mdomo. NIN hiyo hiyo ndiyo tunayosajilia laini za simu, na kwenye laini ndiko pesa zetu zilipo.

Fotokopi ndiyo mbaya zaidi. Nimewahi kununua karanga za kukaanga stendi ya mabasi, nikafungua karatasi, nikakuta sura ya mtu, jina lake na namba yake yote. Ile fotokopi iliachwa mahali fulani na mtu aliyeambiwa ni "kawaida tu", kisha karatasi zikauzwa kwa kilo. Nilirudi dukani nikafungua boksi lililokuwa chini ya kaunta yetu. Tulikuwa na fotokopi za miaka, nyingi za watu waliokwisha kumaliza kulipa. Tulizichoma uani siku ile ile.

Fikiria pia mteja asiye na NIN. Mfanyabiashara wa Kongo hana. Mkimbizi ana kitambulisho chake cha ukimbizi, lakini ukimwomba akitoe ili anunue ndoo ya plastiki, haoni muuza duka mbele yake, anaona kizuizi cha barabarani. Nimemwona mzee akiacha bidhaa zote juu ya kaunta na kuondoka kimya kimya kwa swali la namna hiyo.

Lipo jambo moja tu ambapo tunahitaji kumjua mtu kwa uhakika: mkopo wa mali nyingi. Hapo tunakitazama kitambulisho, tunalinganisha sura, tunakirudisha mkononi mwake. Kwenye mkataba tunaandika "kitambulisho kimeonekana", tarehe, na sahihi za wote wawili. Hatuandiki NIN wala hatupigi picha.

Hatua ya 4: Wafundishe makeshia maneno

Hii ndiyo hatua iliyochukua muda mrefu, nami nakusihi usiirushe. Keshia anayesema "Namba ya simu?" huku vidole viko tayari kwenye mashine anampa mteja amri. Mteja hajui kama anaweza kukataa, na watu nyuma wanamwangalia.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka mtu aambiwe, kabla hujachukua taarifa zake, unazitaka kwa kazi gani, kama ni lazima au hiari, na nini kitatokea asipotoa. Ukisikia hivyo unadhani ni hotuba ndefu. Sisi tunayasema hivi:

"Mama, tuna kadi ya pointi. Ukipenda, namba yako itatumika kuhesabia pointi tu. Usipopenda, bei ni ile ile."

Yote matatu yamo, na yanaisha kabla mfuko haujafungwa. Mteja akisema hapana, jibu ni "Sawa mama, karibu tena," basi. Hakuna kuuliza mara ya pili, hakuna kumweleza kwamba wenzake wote wametoa.

Saa ya kuuliza nayo ina uzito. Awali tuliuliza kabla ya kupokea pesa, na watu walidhani bila namba hawauziwi. Sasa keshia anapokea pesa, anatoa chenji na risiti, anakabidhi mzigo, kisha ndipo anauliza. Mteja ameshika mali yake mkononi, hivyo akikubali, amekubali kweli.

Na namba isitamkwe kamwe. Tumeweka karatasi ndogo na kalamu. Mteja anaandika mwenyewe, keshia anaingiza, karatasi inachanwa mbele ya macho yake. Asiyejua kuandika anaonyesha namba kwenye simu yake. Keshia asiisome kwa sauti ili kuhakikisha, maana kwetu ni kwa kutamkwa kwa sauti namba ilimfikia yule mwanamume wa foleni.

Baadaye tuligundua njia iliyo rahisi kuliko zote. Kadi zetu za pointi sasa zina namba ya kadi tu, hazina jina wala simu. Anayeipoteza anapoteza pointi zake, na tunamwambia hivyo tangu mwanzo. Wengi wamechagua kadi hiyo.

Mtoto aliyetumwa dukani haulizwi chochote. Sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na mzazi hayupo pale kaunta.

Hatua ya 5: Namba zilizoletwa na malipo ziache zilivyo

Mteja akilipa kwa MTN au Airtel kupitia namba ya malipo ya duka, simu ya duka inapata ujumbe wenye taarifa zake. Hukumwomba, lakini unazo. Kishawishi cha kuzikusanya ni kikubwa, najua, kwa sababu mwisho wa mwezi una orodha ya mamia bila jasho. Lakini mtu yule alikupa pesa ya unga. Hakukuambia umtumie matangazo ya Krismasi.

Kwetu namba ya malipo haihifadhiwi kwenye simu kwa jina, haitumiwi tangazo, wala haiingizwi kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye kundi kila mtu anaona namba ya mwenzake, nawe umewagawia watu mia namba ya mama mmoja. Simu ya malipo inalala dukani, ina neno la siri, na keshia haruhusiwi kupokea malipo ya duka kwenye simu yake binafsi.

Hatua ya 6: Kila daftari lipe siku yake ya kufa

Rekodi za kodi, zikiwemo risiti zenye TIN, zitunze miaka 5 kama sheria ya kodi inavyotaka. Daftari la kupeleka mizigo, kwangu, linakaa wiki moja. Jumapili jioni kurasa zinachanwa na kuchomwa, kwa kuwa mzigo umekwisha kufika na hakuna anayedai. Oda iliyochukuliwa, jina linafutwa.

Daftari la madeni linataka heshima ya peke yake. Sheria inaziweka taarifa za fedha za mtu kwenye kundi moja na afya yake na dini yake, zile zinazolindwa zaidi. Kwa hiyo lifungiwe kwenye droo, lisiachwe wazi mteja mwingine akasoma nani anadaiwa nini. Na ile orodha ya wadaiwa inayobandikwa ukutani, kama unayo, ibandue leo. Deni linadaiwa kwa mwenye deni.

Hatua ya 7: Jisajili

Duka linalokusanya taarifa za watu linapaswa kujisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, na kuhuisha usajili kila mwaka. Taarifa za wateja zikiibiwa au zikivuja, ofisi hiyo iarifiwe mara moja. Anayechukua au kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili, na kampuni inaweza kuamriwa kulipa hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Waeleze makeshia hili bila kuwatisha, kwa kuwa kalamu iko mikononi mwao.

Hatua ya 8: Mtume mtu

Baada ya mwezi, mtume mtu ambaye makeshia hawamjui anunue kitu kidogo kila kaunta. Akikataa kutoa namba, aone anachofanyiwa. Mimi nilimtuma binti wa jirani. Kaunta ya kwanza na ya pili zilikuwa sawa. Ya tatu, keshia alikubali hapana yake, kisha akamwuliza anakaa mtaa gani, kwa wema tu, kuanzisha mazungumzo. Tulikaa naye jioni nikamweleza kwamba mtaa na sura vinatosha kumfikisha mtu nyumbani kwa binti. Sasa anawauliza wateja kama wamepata mifuko ya kutosha.