SOMO: Kuingia kwenye kazi ya VFX za filamu na matangazo, hatua kwa hatua

Wakuu, swali la "nataka kufanya VFX (picha zinazoongezwa au kubadilishwa kwa kompyuta baada ya kupigwa), nianzie wapi?" nimelijibu mno kwa mtu mmoja mmoja. Leo naliweka lote hapa, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

HATUA YA 1: Chagua idara. VFX si kazi moja. Kuna wanaofinyanga maumbo ya 3D, wanaoyapa mwendo, wanaoyawekea mwanga, wanaotengeneza moto na maji, wanaofuatilia mwendo wa kamera, wanaochora mipaka ya mtu fremu kwa fremu (hii huitwa roto), na watu wa kompoziti wanaounganisha vyote viwe picha moja. Studio kubwa za filamu huajiri mtu kwa kazi moja anayoimudu sana. Studio za matangazo huwa na watu wachache na muda mfupi, kwa hiyo humpenda anayeweza kufuatilia kamera, kutengeneza 3D nyepesi na kumalizia kompoziti mwenyewe. Ukitaka filamu, zama kwenye kitu kimoja. Ukitaka matangazo, jifunze vitatu au vinne.

HATUA YA 2: Programu. Blender ya 3D ni bure kabisa. Nuke ya kompoziti na Houdini ya moshi, moto na maji zina matoleo ya bure ya kujifunzia, ila hayaruhusiwi kwenye kazi ya kulipwa.

HATUA YA 3: Jifunze kamera halisi. Urefu wa lenzi, kasi ya shata, fokasi. Asiyejua lenzi inavyofanya kazi hawezi kuiiga.

HATUA YA 4: Tafuta picha za mazoezi. Blender Foundation ilipotoa filamu fupi ya Tears of Steel mwaka 2012, iliachia pia picha ghafi za kamera ili yeyote azitumie. Anza na hizo.

HATUA YA 5: Anza na kazi zisizoonekana. Kila mgeni anataka kulipua magari, lakini nafasi za wanaoanza ni roto, kufuta waya za usalama, kufuta kivuli cha kipaza sauti, kuweka picha kwenye skrini ya simu. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Shoti ya sekunde 5 ni fremu 120, na mpaka ukiyumba kwenye fremu 3 tu, jicho litauona. Subira hiyo ndiyo msimamizi anayoitafuta kwa mgeni.

HATUA YA 6: Rili. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Rili ni video ya kazi zako, na anayeitazama ana nyingine nyingi zinazomsubiri. Dakika 1 inatosha. Shoti bora iwe ya kwanza, maana huenda asifike ya pili. Baada ya kila shoti onyesha ilivyojengwa: picha ghafi, kisha leya (tabaka) moja moja hadi mwisho. Na uandike ulichofanya wewe. Kama mwenzako ndiye aliyetengeneza joka, andika "kompoziti tu". Shoti 3 zilizokamilika zina uzito kuliko 12 za nusunusu, kwa sababu msimamizi hukupima kwa ile mbovu kuliko zote. Anajiuliza: huyu hakuliona kosa, au aliliona akaliacha? Majibu yote mawili yanakunyima kazi.

Maonyo ya rili:
- Usiweke zoezi la YouTube kama lilivyo. Chukua mbinu, kisha piga picha zako mwenyewe.
- Usiweke shoti ya filamu au tangazo ambalo halijatoka. Ulitia saini mkataba wa usiri. Hata likishatoka, omba ruhusa kwanza.
- Usiweke kazi ya mtu mwingine. Fani hii watu wanafahamiana, na aliyeifanya anaweza kuwa ndiye anayeitazama rili yako.

HATUA YA 7: Tuma maombi kwa idara uliyoichagua, kiungo kimoja cha rili, barua fupi.

HATUA YA 8: Soma mkataba. Ajira nyingi ni za mradi. Ukiisha unatafuta mwingine. Na sifa hazizuii studio kuanguka: Rhythm & Hues iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Februari 2013, na mwezi huohuo kazi yake kwenye filamu ya Life of Pi ikapata Oscar. Studio nyingi hukubali bei moja kwa kazi nzima, kisha mwongozaji akibadilisha mawazo, gharama inabaki kwao. Ukipokea kazi binafsi, andika kwenye mkataba idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei.

MASWALI

chapchap_01: Mkuu somo zuri. Sasa mimi nianzie wapi?

Jibu: Hatua ya 1.

chapchap_01: Sawa, basi nitumie Nuke iliyovunjwa kufuli.

Jibu: Hapana. Toleo la bure liko hatua ya 2.

mtazamaji: Unawapotosha vijana. Akili bandia itaimaliza kazi hii.

Jibu: Sijapotosha mtu. Nuke yenyewe iliingiza zana ya kujifunza kwa mashine, CopyCat, mwaka 2021, na roto nyepesi ndiyo ya kwanza kuguswa. Lakini mteja husema, "moshi usogee kushoto kidogo, kingine chochote kisiguswe," na kesho yake anataka urudi ulipokuwa. Anayejua picha imejengwaje anaweza kutii agizo hilo. Ndiyo maana nasisitiza misingi.

simu_tu: Sina kamera, nina simu. Inafaa kwa mazoezi?

Jibu: Inafaa sana. Funga mwangaza na fokasi visijibadilishe vyenyewe, na andika simu iko juu kiasi gani kutoka chini na umbali wa unachopiga. Utavihitaji unapofuatilia kamera. Tahadhari moja: simu nyingi hurekodi rangi kwa 4:2:0, yaani kila pikseli 4 zinagawana taarifa moja ya rangi. Kwenye pazia la kijani (unalompigia mtu mbele yake ili umkate na kumweka kwenye mandhari nyingine), kingo zitatoka na meno. Ukiweza kupata kamera ya 4:2:2, tumia hiyo.

pazia_kijani: Niongezee hapo. Msimamishe mtu mbali na pazia, vinginevyo kijani kinamrukia mabegani. Pazia na mtu kila kimoja kiwe na taa zake.

Jibu: Asante mkuu, hilo linaokoa saa nyingi.

nywele: Nikimkata mtu na kumweka juu ya mandhari mpya, anapata mstari mweusi pembeni. Nikibana alfa (kiwango cha pikseli kuonekana: 1 ni nzima, 0 haionekani), nywele zinapotea. Kosa liko wapi?

Jibu: Swali zuri sana. Karibu hakika unazidisha rangi kwa alfa mara mbili. Chukua pikseli ya ukingoni yenye rangi 0.8 na alfa 0.5. Ikizidishwa mara moja inakuwa 0.4, na hiyo ni sahihi. Ikizidishwa tena inakuwa 0.2, na giza hilo ndilo mstari unaouona. Hesabu hizi waliziweka wazi Porter na Duff mwaka 1984 na bado tunazitumia. Kwanza hakikisha kama picha yako tayari imezidishwa. Ukitaka kurekebisha rangi, gawa kwa alfa, rekebisha, kisha zidisha tena. Alfa yenyewe usiibane.

foleni: Kwa nini shoti huanza fremu ya 1001 badala ya 1?

Jibu: Mhariri akirefusha shoti upande wa mwanzo, una nafasi ya kurudi nyuma bila kuingia kwenye namba hasi.

nywele: Nimegawa kwanza, mstari umeondoka! Ila bado anaonekana amebandikwa.

Jibu: Pandisha mwangaza wa kioo cha kutazamia (dirisha la programu linaloonyesha picha) na ulinganishe sehemu nyeusi. Weusi wa mtu ukiwa mzito kuliko weusi wa mandhari yaliyo umbali uleule, ulegeze. Kisha kuza picha uangalie chembechembe za kamera: mandhari ikiwa nazo na mtu hana, mwongezee. Mwisho, ukali wa kingo zake ulingane na kitu kilicho kwenye fokasi ileile. Fanya kwa mpangilio huo, halafu weka picha hapa tuione.