SOMO: Namna ya kupima barua ya chama kabla haijatoka

Habari zenu wanachama. Wiki iliyopita mama mmoja, jirani yangu na mwanachama wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo), aliniletea barua. Alikuwa ameshaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa nimekosa nini?" Barua ilisema hivi:

"Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Wanachama wote ambao hawajakamilisha hisa stahiki wanakumbushwa kuzingatia matakwa ya masharti ya chama kabla ya kufungwa kwa mwaka wa fedha ili kuepuka usumbufu."

Sarufi haina kosa. Ila mama hakujua anadaiwa ngapi, alipe wapi, mwisho lini. Tuipime.

Hatua ya 1. Jaza sentensi hii: "Akimaliza kusoma, mpokeaji ata…" Mwandishi akishindwa kuijaza, barua haijaiva, irudi kwake.

Hatua ya 2. Shika kalamu, pigia mstari kila neno linalomwachia msomaji kazi ya kubahatisha. "Hisa stahiki" ni ngapi? "Kufungwa kwa mwaka wa fedha" karani anajua ni 31 Desemba. Muuza mboga atajuaje? Lililoniuma zaidi ni "usumbufu". Mama alidhani anafukuzwa chama, akakosa usingizi siku mbili, kumbe ni kukosa mkopo tu mpaka akamilishe hisa.

Hatua ya 3. Hii ndiyo kubwa. Tafuta watu watatu au wanne wanaofanana na wapokeaji, si wenzako wa ofisini. Mpe mmoja asome, kisha ichukue barua. Usimwulize "Umeelewa?" kwa sababu kwa heshima atakujibu ndiyo. Mwulize, "Sasa kesho utafanya nini?" halafu nyamaza. Andika maneno yake kama yalivyomtoka. Na wakati anasoma mtazame macho: yakirudi mstari wa juu, weka alama hapo.

Hatua ya 4. Andika upya, upime kwa watu wengine, maana wale wa kwanza wameshajua jibu. Ya mama tuliiandika hivi:

"Ndugu mwanachama, umebakiza hisa 4. Kila hisa ni shilingi 10,000, kwa hiyo lipa shilingi 40,000 ofisini kwetu, mwisho tarehe 31 Desemba. Usipolipa hutapata mkopo mpaka ukamilishe. Uanachama wako unabaki palepale."

Alipofika sentensi ya mwisho alishusha pumzi, akaikunja barua akaiweka kwenye pochi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwetu barua lazima iwe na Kumb. Na. (namba ya kumbukumbu) na YAH (yaani "yahusu"). Tuviondoe?

Jibu: Viacheni, ndugu yangu. Kumb. Na. inawasaidia masjala kupata faili. YAH nayo ipeni kazi: badala ya "YAH: HISA", andikeni "YAH: KUKAMILISHA HISA 4 KABLA YA MWAKA KUISHA". Hapo "husika na kichwa cha habari" haihitajiki tena.

Swali: Kuna programu inahesabu silabi na kutoa alama za urahisi wa kusoma. Inafaa?

Jibu: Kwa Kiswahili, hapana. Fomula maarufu ya aina hiyo, ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, ilitengenezwa kwa Kiingereza. Sisi tunabandika viambishi. "Tutakapowalipa" ina silabi 7 na mtoto wa shule ya msingi anaielewa. "Dhima" ina 2 tu na watu wazima wengi wanakwama.

Swali: Dada, wazee wetu hawaoni vizuri, wanasomewa na wajukuu. Tunapimaje?

Jibu: Kwa sikio. Mjukuu asome kwa sauti, bibi ndiye ajibu. Sentensi ndefu utaijua tu, mtoto ataishiwa pumzi katikati. Na muda uandikwe "saa 4 asubuhi". Ukiandika "10:00", mtoto atasoma saa kumi, na bibi wa watu atapanda daladala afike alasiri akute mlango umefungwa.