Kabla ya kufuata nyayo za Bibi Salme Ujerumani

Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Unguja 1844 na akazikwa Hamburg kwa jina la Emily Ruete, yaani jina lake la ubatizo na la mumewe Mjerumani. Ukitaka kuiona miji ya familia yake, anza na mito. Hamburg na Dresden ziko kwenye Elbe; Rudolstadt, na Jena alikofia 1924, ziko kwenye Saale, ambao humwaga maji yake Elbe. Hata Berlin imo: Spree huingia Havel, Havel huingia Elbe. Ukiielewa mito hiyo, kuhamahama kwake na wanawe watatu baada ya mumewe kufa 1870 hakukuchanganyi.

Kinachochanganya ni mipaka ya zamani. Hamburg ilikuwa mji huru, Dresden makao ya mfalme wa Saksonia, Berlin ya Prussia. Rudolstadt ilikuwa na mtawala wake, Jena ilikuwa chini ya watawala wa Weimar, mji jirani. Jimbo la Thuringia lilizaliwa 1920 tu. Ndiyo maana karatasi za ukoo mmoja zimetawanyika, na kila hifadhi ya nyaraka ina utaratibu wake. Ya Rudolstadt imo ndani ya kasri la Heidecksburg, juu kilimani, kwa hiyo vaa viatu vya kupandia. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, kwa Kijerumani ukiweza, na utaje Ruete na mwaka unaoutaka. Jina la Salme peke yake halitakufikisha mbali. Tafuta pia mtu anayesoma Kurrent, mwandiko wa kale wa Wajerumani, maana hata Mjerumani wa leo huutolea macho.

Vitabu na barua nyingi za familia hazipo Ujerumani kabisa, ziko Leiden, Uholanzi. Bahati nzuri viza ya Schengen hufaa kote kuwili. Huombwa mapema kabisa miezi 6 kabla, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Treni ya kwenda Rudolstadt hupita kituo cha Jena Paradies, si Jena West. Watu hukosea hapo.

Makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, yana karibu hekta 390, na mabasi hupita ndani yake. Pata namba ya eneo la kaburi la Ruete kabla hujatoka hotelini. Ukiingia hivi hivi, utamaliza mchana ukisoma majina ya watu wengine.