Kurudisha mimea minene nje baada ya baridi ya Lubumbashi

Mimea mingi minene ya Lubumbashi hufa Septemba, si Julai. Inakaa ndani tangu Mei, halafu siku moja yote inatolewa barzani. Jua la saa saba linaibabua, mwenyewe anaionea huruma na kuimwagilia kila asubuhi, na mvua za Novemba zinapofika zinakuta mizizi imeshaoza. Kati ya baridi na mvua kubwa kuna wiki nane hivi. Zikitumika vizuri, mmea unaingia msimu wa mvua ukiwa na mizizi mipya na ngozi iliyokomaa.

Hapa tunazungumzia waridi la jangwani (Adenium), taji la miiba (Euphorbia milii), pakipodiamu, sansevieria, kalankoe, alovera na jamaa zao wanaotunza maji ndani ya shina au majani. Waridi la jangwani asili yake ni nchi kavu zenye joto, kuanzia Saheli na Afrika Mashariki mpaka Bara Arabu; taji la miiba limetoka Madagaska. Usiku wa nyuzi 7, ambao ni wa kawaida hapa Juni na Julai kwenye mita 1,200 juu ya bahari, unaisimamisha kabisa mimea hiyo. Krasula, ile yenye majani ya mviringo mazito, ni ya Afrika Kusini na ina moyo mgumu zaidi: inaweza kubaki nje mwaka mzima chini ya ukingo wa paa, kwa hiyo usijichoshe kuihamisha.

Hatua ya 1: Soma kipimajoto, si kalenda

Tundika kipimajoto barzani, mbali na mbabula (jiko la makaa) na mbali na ukuta wa jikoni. Kisome saa kumi na mbili asubuhi, wakati baridi imefika chini kabisa. Ukipata nyuzi 12 au zaidi kwa siku saba mfululizo, anza kazi. Katikati ya mji, palipojaa kuta na lami, siku hizo kwa kawaida huja mwanzoni mwa Septemba. Malupango (viwanja vya nyumba) ya bondeni, upande wa mto Kafubu, huchelewa kidogo, maana hewa baridi ni nzito na usiku hutelemkia chini. Joto la mchana lisikudanganye: Agosti mtu anatembea na shati jepesi adhuhuri, na alfajiri kipimajoto kiko chini ya 10.

Hatua ya 2: Kagua kila mmea kabla haujavuka mlango

Bonyeza shina kwa kidole gumba. Shina gumu ni zima. Shina lililonywea kotekote, ngozi ikiwa imejikunja, lina kiu tu na litajaa tena. Shina lililo laini upande mmoja, hasa karibu na udongo, limeoza ndani. Mmea huo usiuchanganye na mingine, nenda nao moja kwa moja sehemu ya mwisho ya mwongozo huu. Waridi la jangwani lililopukutisha majani yote lisikutie hofu. Ndivyo linavyolala.

Kisha tafuta wadudu weupe wenye unga kama pamba, wanaojificha pale jani linapokutana na shina. Ndani ya nyumba hawana mvua ya kuwaosha wala adui wa kuwala, ndiyo maana huongezeka wakati wa baridi. Wapanguse kwa pamba iliyoloweshwa alkoholi ya asilimia 70, rudia kila siku ya tano mara tatu, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Ukiona sisimizi wanapanda chungu, wadudu bado wapo: sisimizi wanafuata utamu wanaoutoa.

Mwisho futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Vumbi jekundu la kiangazi likitanda juu ya jani hulinyima mwanga, na mmea ulio dhaifu hauna mwanga wa kupoteza.

Hatua ya 3: Jua litasimama wapi?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kivuli cha Septemba si kivuli cha Oktoba. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Februari mpaka tarehe 23 au 24 Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Siku hiyo ya Oktoba linapita utosini kabisa, kisha linahamia kusini mpaka Februari tena.

Kwa mwenye vyungu, hesabu ni hii. Ukuta wa mita 2 unaotazama kusini unatoa kivuli cha adhuhuri cha kama nusu mita katikati ya Septemba. Mwanzoni mwa Oktoba zimebaki sentimita 30. Tarehe 23 hakuna kitu, na Novemba jua la adhuhuri linapiga upande uleule uliodhani ni salama. Mtu anashangaa sansevieria yake imeungua ilhali hakuisogeza hata hatua moja. Kilichosogea ni jua.

Mahali bora ni barza inayotazama mashariki: jua la asubuhi, kivuli cha paa mchana. Chini ya mwembe pia panafaa, majani yake hayapukutiki na mwanga unachujwa vizuri, ila Novemba maembe yanaanza kudondoka na embe bichi linaweza kuvunja tawi la euphorbia bila shida. Popote utakapoweka, vyungu visikae juu ya ardhi. Viinue kwa matofali mawili mawili: maji yatatoka, na mchwa hawataingia kwa tundu la chini. Mchwa wa huku hawangoji kualikwa.

Hatua ya 4: Siku 18 za kuzoesha

Jani lililoota ndani lina ngozi nyembamba, limetengenezwa kukusanya mwanga mdogo wa dirishani. Ukilitoa ghafla kwenye jua la saa sita, linapokea mwanga mara nyingi zaidi ya uwezo wake na linaungua siku hiyohiyo.

Siku ya 1 mpaka ya 6: kivuli chenye mwanga, bila jua la moja kwa moja hata kidogo.
Siku ya 7 mpaka ya 12: jua la asubuhi mpaka saa tatu.
Siku ya 13 mpaka ya 18: mpaka saa tano.

Siku ya mawingu usiihesabu. Baada ya hapo waridi la jangwani, pakipodiamu, taji la miiba na alovera zinaweza kupokea jua la kutwa. Kalankoe, sansevieria na haworthia (jamaa mdogo wa alovera) zibaki na jua la asubuhi tu, mwaka mzima.

Kabla ya kutoa chungu, piga alama ya chaki upande uliokuwa unatazama dirisha, na nje uelekeze upande huohuo kwenye jua. Upande uliokuwa gizani ndio unaoungua kwanza, na kwa pakipodiamu kovu la shina linabaki maisha yote.

Asiyeshinda nyumbani hawezi kuhamisha vyungu saa tatu na saa tano. Huyo afunge chandarua cha zamani kilichokunjwa mara mbili, nusu mita juu ya mimea; baada ya siku kumi akikunjue kiwe tabaka moja, na baada ya kumi nyingine akiondoe.

Jinsi ya kutofautisha: doa jeupe au la njano linalogeuka kahawia na kukauka kama karatasi ni kuungua. Halitapona, lakini jani usilikate, bado linafanya kazi. Alovera ikigeuka nyekundu au rangi ya shaba pasipo doa, haijaungua. Inajikinga, na rangi itarudi mvua zikianza.

Hatua ya 5: Udongo na chungu

Septemba ndio mwezi wa kubadilisha udongo, mara waridi la jangwani linapochomoza majani mapya. Kabla ya hapo mizizi bado imelala na kidonda chochote kinabaki wazi.

Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, na wakulima wanausambaza mashambani, lakini ndani ya chungu ni mtego. Ni laini mno: ukilowa unashikana, ukikauka unakuwa tofali, na maji ya siku moja yanakaa wiki. Uache. Uache pia mchanga mweusi wa mabaki ya kiwanda cha shaba, hata kama unaonekana safi na wa chembe nzuri. Una shaba na zinki nyingi, na shaba iliyozidi hudumaza ncha za mizizi.

Mchanganyiko unaofaa, kwa kopo lolote:

makopo 2 ya mchanga mnene wa mtoni, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe;
makopo 2 ya tofali la kuchoma lililopondwa, vipande vya milimita 3 mpaka 8;
kopo 1 la vipande vidogo vya makala (makaa ya kuni);
kopo 1 la majani yaliyooza vizuri.

Mchanga, tofali na makala vipepete kwa wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Kinachopita kitupe, tumia kilichobaki juu. Hii ndiyo kazi ya kuchosha kuliko zote na ndiyo watu wanairuka. Lakini vumbi la tofali likibaki humo, linashuka chini na kuziba matundu kama saruji. Makala yasiwe na majivu, kwa kuwa majivu yanafanya udongo kuwa wa chumvi na magadi.

Chungu kipya kiwe kipana kuliko mizizi kwa sentimita 3 tu. Kikubwa zaidi kinashika maji ambayo mizizi haiyafikii. Bidoni (dumu la plastiki) iliyokatwa inafaa kama ina matundu ya kutosha: kwa upana wa sentimita 20, matundu matano ya sentimita 1, yatobolewe kwa msumari mnene uliopashwa moto kwenye mbabula. Plastiki nyeusi ipake chokaa nje. Jua la Oktoba likipiga plastiki nyeusi mchana kutwa, mizizi iliyogusa ukuta wa chungu inapikwa, na utaona majani yakinyauka ilhali udongo una unyevu.

Jaribu kabla ya kupanda: mimina lita moja ya maji juu. Yakianza kutoka chini ndani ya sekunde 15 na yasituame juu, sawa. Yakituama, ongeza tofali.

Baada ya kupanda usimwagilie kwa siku saba. Mizizi iliyokatika lazima ikauke kidonda kwanza. Vaa glavu katika kazi hii yote: maziwa ya euphorbia yanaunguza macho vibaya, na utomvu wa waridi la jangwani ni sumu ya moyo, ndio uliopakwa mishale ya wawindaji sehemu nyingi za Afrika. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji mengi dakika 15 na uende kituo cha afya.

Hatua ya 6: Maji

Mara ya kwanza, mililita mia mbili za maji (glasi moja ndogo) kwa chungu cha sentimita 20. Wiki moja baadaye, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Tangu hapo kipimo ni kijiti cha mishikaki: kichomeke mpaka chini, kiache dakika kumi, kitoe. Kikiwa na unyevu, ngoja. Oktoba, hewa ikiwa kavu kabisa, waridi la jangwani lenye majani linaweza kutaka maji kila siku ya nne. Sansevieria siku ya kumi na zaidi. Mmea usio na majani haunywi, hata jua liwe kali namna gani.

Mbolea ni jambo dogo. NPK 10-20-10 ile ya mahindi inatosha: nusu kijiko cha chai katika lita 2 za maji, ilale usiku kucha, chuja, tumia mara moja kwa mwezi kuanzia Oktoba, juu ya udongo uliolowa tayari. Urea usiiguse. Inakuza nyama laini, na nyama laini ndiyo inayooza mvua ikija.

Mvua zikianza

Ondoa visahani vyote vya chini ya vyungu mvua ya kwanza ikinyesha. Mvua ya saa moja kisha jua haidhuru chochote. Zinazodhuru ni siku nne au tano za mfululizo bila jua, Desemba na Januari hasa: hapo ingiza chini ya paa waridi la jangwani na pakipodiamu, au kama ni vizito, laza chungu upande. Visikae pale maji ya mabati yanapodondokea. Huko chungu kimoja kinapokea mvua ya paa zima.

Shina likioza

Ng'oa mmea, osha mizizi, kata sehemu laini kwa kisu kilichofutwa na alkoholi. Nyama nzima ya waridi la jangwani ni nyeupe. Ukiona hata mstari wa kahawia, futa kisu na ukate tena juu zaidi, mpaka weupe utupu. Paka unga wa makala kwenye kidonda, tundika mmea kichwa chini kivulini siku kumi, kisha panda kwenye mchanganyiko mkavu na usubiri siku saba nyingine kabla ya maji. Ukikata Oktoba mpaka Januari utapata mizizi ndani ya wiki sita hivi. Ukikata baada ya katikati ya Machi, baridi itaukuta bila mizizi: uache mkavu kabisa ndani ya nyumba, bila tone, mpaka kipimajoto kirudi kusoma nyuzi 12, mwezi wa Septemba.