Kupanga picha kwa tarehe kwa kutumia ExifTool

Mpiga picha anayezunguka Dodoma, leo akiwa kwenye mahafali ya chuo na kesho kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo, hufika mwisho wa mwaka akiwa na maelfu ya faili zenye majina kama IMG_4127, yasiyomwambia lolote. Kuzipanga kwa mkono ni kujitesa, kwa kuwa picha inayotoka kwenye kamera kwa kawaida hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa, na ExifTool, programu ya bure iliyoanzishwa na Phil Harvey mwaka 2003, huisoma tarehe hiyo.

Kwenye kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu huwekwa kwa amri hii, inayoandikwa kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri:

sudo apt install libimage-exiftool-perl

Kisha fungua terminali mahali ilipo folda ya picha, tuseme inaitwa Kadi, uandike:

exiftool -r -o . -d Mpangilio/%Y/%m-%d "-Directory<DateTimeOriginal" Kadi

Picha iliyopigwa Hombolo tarehe 14 Machi 2024 itaingia Mpangilio/2024/03-14. Usiiache ile -o pamoja na nukta yake, kwani ndiyo inayofanya picha zinakiliwe badala ya kuhamishwa, na mwenye picha za harusi ya watu hana sababu ya kubahatisha. Alama za kunukuu nazo ni za lazima, la sivyo terminali itaichukua alama ya < kuwa agizo lake. Iwapo kadi mbili zina picha za siku moja zenye jina moja, programu haitaifuta ya kwanza. Itakataa kuinakili ya pili na kukuarifu, kwa hiyo soma ujumbe wa mwisho.

Programu huamini saa ya kamera. Niliwahi kubadilisha betri nikaweka mwaka 2013 badala ya 2023, na sendofu nzima ikarudi nyuma miaka kumi. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kabla ya kupanga:

exiftool "-AllDates+=10:0:0 0" Kadi/Sendofu

Faili za awali hubaki zikiwa zimeongezewa _original mwishoni mwa majina.

Picha zilizopitia WhatsApp kwa kawaida huwa zimepoteza tarehe ya ndani, na ile iliyo kwenye jina, kama IMG-20240314-WA0007, si lazima iwe ya siku zilipopigwa. Hizo mimi huziweka kwenye folda yake peke yake.