Kupunguza vitabu nyumbani Mwanza: shelfu ipate hewa kabla ya mvua

Nyumba nyingi za Mwanza zimepandana na miamba. Ukuta ulioegemea mwamba hubaki na ubaridi, na mvua zikianza maji hupenya nyuma yake kimyakimya. Ongeza unyevu wa ziwani, halafu weka shelfu iliyoshindiliwa vitabu mpaka kidole hakipiti: ukungu haukosi. Vitabu huharibika kwa kubanwa pia, si kwa kusomwa tu. Ndiyo maana kazi hii inaanza na futi ya kupimia, na mapenzi ya mwenye vitabu yanafuata baadaye.

1. Pata idadi yako kwanza

Pima urefu wa kila ubao wa shelfu, kisha toa sehemu moja kati ya tano. Ubao wa mita 1 unabaki na sentimita 80 za vitabu. Kitabu cha kawaida cha jalada laini kina unene wa kama sentimita 2, hivyo ubao huo ubebe vitabu 40. Shelfu ya mbao nne ni vitabu 160, basi. Andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa shelfu. Bila namba utajikuta unahamisha vitabu kutoka sebuleni kwenda chumbani na kusema umepunguza.

2. Siku na vifaa

Fanya kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi. Anza saa nne asubuhi umande ukishakauka, na vitabu virudi ndani kabla ya saa kumi na moja jioni. Andaa mkeka, brashi mpya ya rangi ya inchi 2 yenye manyoya laini, barakoa, kalamu nene na maboksi ya karatasi za A4, yale ya rimu 5. Boksi hilo likijaa vitabu bado mtu mmoja analibeba kushuka ngazi za mawe. Boksi la televisheni litapasuka chini kabla hujafika barabarani.

Tenga dakika mbili kwa kila kitabu. Vitabu 100 vinakula zaidi ya saa tatu, kwa hiyo shusha ubao mmoja tu kwa wakati. Anayeshusha shelfu nzima hukutwa na giza, na vitabu vikalala sakafuni palepale mchwa wanapopita.

3. Kagua kila kitabu (hapa usiharakishe)

Shika kitabu mgongo ukiwa kwenye kiganja, upitishe kurasa zote kwa kidole gumba. Usikishike majalada mawili na kukikung'uta. Gundi ya mgongo inaachia. Unatafuta vitu viwili: karatasi zako zilizofichwa humo (risiti, picha, cheti cha kuzaliwa, hata noti) na dalili za uharibifu.

Mchwa hula kutoka ndani. Jalada linaweza kuonekana zima kabisa kumbe katikati ni udongo. Bonyeza kona ya chini ya mgongo kwa kidole gumba: ikizama kama mkate uliolowa, kitabu kimekwisha. Ukikuta kimoja hivyo, shusha vyote vya safu ile na utazame ukuta nyuma. Mstari wa udongo uliopanda ukutani ndiyo njia yao. Kuubomoa peke yake hakutoshi, kwa kuwa wataujenga tena. Shelfu ihame ukuta huo na fundi wa dawa aitwe.

Mende hufuata gundi na kitambaa cha jalada, wakaacha mabaka yaliyokwanguliwa na chembe nyeusi kama unga wa kahawa. Mdudu mdogo wa rangi ya fedha mwenye mikia mitatu, anayekimbia ukifungua kurasa, hukwangua karatasi mpaka inakuwa nyembamba na kutoboka. Kitabu chenye wadudu unachokithamini kifunge kwenye mifuko miwili ya zipu, utoe hewa, ukiweke kwenye friza kali ya nyuzi -18 kwa siku 14. Mifuko miwili ni lazima, maana friza nyingi za huku zina sangara na sato, na harufu ya samaki ikishaingia kwenye karatasi haitoki. Umeme ukikatika hadi barafu ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, acha mfuko ukiwa umefungwa saa 24, la sivyo matone yatajikusanya juu ya kitabu baridi.

Friza haiui ukungu. Ukungu utautambua kwa mabaka ya duara yenye harufu nzito. Vumbi hukaa sawasawa kote. Peleka kitabu kivulini penye upepo, kiache wazi kikauke, kisha piga brashi ukielekeza mbali na uso. Ukungu ukipakaa badala ya kupeperuka, bado ni mbichi, kiongezee kitabu siku. Kitambaa chenye maji ni kosa kubwa hapa kwa sababu kinausukuma ukungu ndani ya karatasi. Jua kali nalo hupindisha majalada.

4. Kuamua

Anza na vitabu vya shule, si vile vya marehemu babu. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, hivyo linganisha kitabu cha kiada na mtaala wa darasa husika kabla ya kukitunza kwa ajili ya mtoto anayefuata. Vya kodi na sheria huzeeka upesi: viwango hubadilika karibu kila bajeti.

Vya kuazima, pamoja na vyenye mhuri wa maktaba, viende boksi lao na virudi kwa wenyewe wiki hiyohiyo.

Tazama kurasa za mwanzo kabla ya kutoa chochote kikuukuu. Ukiona East African Literature Bureau, shirika la kuchapisha vitabu lililoanza 1948, kibakize hata kama jalada limechanika. Vingi havichapwi tena.

5. Kuvitoa

Usipeleke maboksi maktaba ya mkoa au shuleni bila kuuliza. Nenda na orodha yenye jina la kitabu, mwandishi na mwaka, umwachie mkutubi au mwalimu wa maktaba achague. Vinavyovuka kwa meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, vifungwe kwa nailoni mara mbili. Vyenye ukungu usimpe mtu. Utaambukiza shelfu yake.

Msahafu au Biblia iliyochakaa isiende jalalani. Zungumza na imamu au kiongozi wa kanisa.

6. Kurudisha

Shelfu isimame sentimita 5 kutoka ukutani, na ubao wa chini uinuke angalau sentimita 15 kutoka sakafuni. Vizito chini, vimesimama wima, kidole kipite kati yao. Mvua za vuli zikianza, toa vitabu vya ubao wa chini, gusa ukuta nyuma yake na unuse. Ukikuta harufu ya udongo mbichi, hamisha shelfu siku hiyohiyo.