Mabomba ya hita yanagonga usiku: sikiliza kwanza, spana baadaye

Mwezi wa kumi ukiingia huku Uingereza boila (mitambo ya kupasha maji ya kutia joto nyumba) zinawashwa, na sisi tuliokulia nyumba zisizo na redieta (vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji hayo ya moto) tunashtuka usiku: ukutani kunagongwa, chini ya sakafu kunadonolewa. Kabla hujampigia fundi, sikiliza. Kelele hizi hazifanani, na kila moja ina dawa yake.

1. Inalia saa ngapi, wapi? Tik-tik-tik hita inapowaka, kisha tena inapozimwa: bomba linatanuka na kusinyaa. Maji yanagugumia ndani ya redieta: hewa. Mngurumo wa boila yenyewe ni habari nyingine.

2. Toa hewa. Zima hita, redieta zipoe. Shika kitambaa chini ya kijiskrubu cha juu ubavuni mwa redieta, tia ufunguo wake (maduka ya vifaa vya ujenzi wanauza, bei ndogo), zungusha robo kinyume cha saa. Utasikia fsss. Maji yakianza kutoka, funga hapo hapo. Anza na redieta za chini, malizia ghorofani. Tandika gazeti, maana maji hayo mara nyingi ni meusi kwa kutu na zulia la mwenye nyumba halitasamehewa.

3. Tazama presha. Ukishatoa hewa itashuka. Boila ya kombi (ile isiyo na tangi la maji moto) ikiwa baridi isome baa 1 hadi 1.5 (baa ni kipimo cha presha). Jaza polepole kwa bomba la kujazia, kisha funga valvu zake barabara. Ikifika baa 3 valvu ya usalama itamwaga maji nje.

4. Bomba linalodonoa. Hapa ndipo penye kazi. Shaba hurefuka kwa moto: bomba la mita 10 likipanda nyuzi 50 linaongezeka kama milimita 8 na nusu. Nyumba nyingi bomba limelazwa kwenye mkato uliochongwa juu ya boriti, na mbao za sakafu zikapigiliwa juu yake. Likibanwa haliwezi kuteleza. Linang'ang'ania, kisha linaruka, tik! Hita inapoanza kuwaka, tembea pekupeku ukiweka kiganja sakafuni mpaka uupate ubao wenyewe. Zima hita, ung'oe taratibu, na uchunge nyaya za umeme, nazo hupita humo humo. Penyeza felti (kitambaa kinene laini) kati ya bomba na mti. Usichonge boriti zaidi, utaidhoofisha. Pale bomba linapochomoza sakafuni kwenda kwenye redieta, kipande cha chupa ya plastiki ya maziwa kilichozungushiwa bomba kinatosha kabisa.

Kuna njia ya bure pia: kwenye kombi, shusha joto la maji ya redieta hadi nyuzi 60 au chini. Bomba litatanuka kidogo na gesi utaokoa. Mwenye tangi la maji moto asifanye hivyo. Maji ya tangi lazima yafike nyuzi 60 kuua bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu.

5. Boila inayonguruma kama birika. Aghalabu ni ukoko wa chokaa ndani, hasa London na kusini-mashariki kwenye maji magumu. Usifungue kifuniko. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi wa gesi), muombe kitambulisho.

Maswali

*Fundi, natoa hewa kila wiki na inarudi. Kulikoni?*
Ama panavuja, ama kutu ndani inazalisha gesi. Presha ikishuka yenyewe, tafuta uvujaji. Isiposhuka, mfumo usafishwe na utiwe dawa ya kuzuia kutu.

*Kaka, redieta moja inapiga kama nyundo nikipunguza joto la chumba.*
Fungua valvu ya thamostati (kile kitasa cha joto kwenye redieta) mpaka mwisho. Ikinyamaza, huenda valvu iliwekwa kinyume na mkondo wa maji. Zile za zamani zilitaka mkondo mmoja tu. Mpya nyingi zina mishale miwili, zinakubali kote.

*Mimi mpangaji, Leicester. Mwenye nyumba anasema tuvumilie.*
Dada, kwa England, kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 kinamtaka atunze mitambo ya joto na maji moto ifanye kazi sawasawa. Kelele peke yake ataibishia, kwa hiyo taja pia redieta zisizopata moto na presha inayoshuka. Mwandikie, usimwambie kwa mdomo, na umtumie video yenye sauti.